Habari za Maisha ya William Edwards Deming, Mwenye Kuhesabu na Mwenye Kuimba

Katika mitaa yetu ya Tarime na Serengeti yako mambo mawili ambayo mara nyingi huwekwa mikononi mwa mtu mmoja. La kwanza ni kitabu cha hesabu: wangapi wamebatizwa, wangapi wamepata kipaimara, wangapi wamefunga ndoa, wangapi wamezikwa. La pili ni kwaya. Asubuhi mwinjilisti huinama juu ya kitabu chake, na jioni husimama mbele ya waimbaji akawapa sauti. Watu wengi huyaona mambo haya kuwa hayana ujamaa wowote, maana la kwanza ni kavu kama mfupa na la pili ni tamu kama asali. Mwezi huu napenda kuwasimulia habari za mtu aliyeyapenda yote mawili tangu ujana hata uzee, naye ni William Edwards Deming, mtu wa Marekani, aliyekufa mwaka 1993 akiwa na umri wa miaka 93. Wenye viwanda wa dunia nzima walijua jina lake. Sisi huku twamjua kidogo tu, ingawa njia ya kuhesabu aliyosaidia kuistawisha ilifika katika vijiji vyetu zamani, kama nitakavyoeleza.

Alizaliwa tarehe 14 Oktoba 1900 katika mji wa Sioux City, jimbo la Iowa. Baba yake, William Albert, alikuwa amesoma hesabu na sheria. Mama yake, Pluma Irene, wa ukoo wa Edwards, alikuwa amesoma muziki. Basi mtoto alipewa jina la baba na jina la ukoo wa mama, na hili la mama ndilo alilojulikana nalo zaidi. Ukitaka kumfahamu mtu huyu, likumbuke jambo hilo: hesabu aliipata upande mmoja wa nyumba, na muziki upande wa pili.

Mwaka 1907 hivi wazazi wake walihamia magharibi, katika jimbo la Wyoming, kwanza mjini Cody, kisha Powell. Nchi ile ilikuwa kavu, na serikali ilikuwa ikichimba mifereji ili maji yafike na watu wapewe mashamba. Baba yake alipata eka 40, lakini shamba halikumtajirisha. Nyumba yao ya kwanza pale Powell ilikuwa kibanda cha mbao kilichofunikwa kwa karatasi ya lami, na majira ya baridi ya Wyoming si kama baridi yetu ya mwezi wa Julai; kule maji huganda yakawa mawe. Katika maisha ya namna hiyo mama hakuuacha muziki. Alifundisha watoto wa mji ule, na kipato kidogo alichopata kilisaidia nyumba. Kwa hiyo msomaji asidhani kwamba Deming alianza kupenda kuimba ukubwani, alipokuwa na fedha na nafasi ya kujifurahisha. Alianza wakati kibanda kilipokuwa hakina kitu kingine cha kufurahisha.

Mtoto mwenyewe alifanya kazi za kibarua tangu akiwa mdogo. Kabla ya kwenda shule alikwenda hotelini kuwasha moto, na jioni alizunguka mjini kuwasha taa za barabarani. Mwaka 1917 akaenda Laramie, kwenye chuo kikuu cha Wyoming, akajilipia masomo kwa kazi za mikono, hata akapata shahada ya uhandisi wa umeme mwaka 1921. Baadaye alisoma hesabu na fizikia katika chuo kikuu cha Colorado, na mwaka 1928 akapata udaktari wa fizikia ya hesabu katika chuo kikuu cha Yale.

Alipokuwa bado mwanafunzi wa Yale, wakati wa likizo alikwenda kufanya kazi Chicago, katika kiwanda cha Hawthorne kilichotengeneza simu. Watu zaidi ya 40,000 walifanya kazi mahali pamoja, wengi wao wanawake. Walilipwa kwa idadi ya vitu walivyotengeneza, na mwisho wa kazi wakaguzi walivipitia, vibaya vikatupwa. Deming aliona jambo ambalo hakulisahau tena: mtu alipwaye kwa idadi tu huharakisha mkono, kisha huadhibiwa kwa makosa yaliyoletwa na haraka ile ile aliyotakiwa awe nayo.

Mwaka 1927 aliingia katika utumishi wa serikali, Wizara ya Kilimo mjini Washington, kwenye maabara iliyochunguza mambo ya mbolea. Huko alikaa miaka 12. Nyumbani miaka hiyo haikuwa myepesi. Mke wake wa kwanza, Agnes Bell, ambaye alikuwa mwalimu, alifariki mwaka 1930, nao walikuwa wamekwisha kumchukua mtoto mchanga, Dorothy, wamlee kama mtoto wao. Deming akabaki na kitoto kile. Mwaka 1932 akamwoa Lola Shupe, mwanamke mjuzi wa hesabu aliyefanya kazi naye katika maabara ile ile, nao wakazaa binti wawili, Diana na Linda. Waliishi pamoja miaka 54, hata Lola alipofariki mwaka 1986.

Ilikuwa katika miaka ya maabara ndipo alipokutana na Walter Shewhart, aliyefanya kazi katika maabara za kampuni ya simu. Mwaka 1924 Shewhart alikuwa amebuni mchoro mmoja mwepesi wenye mistari ya mipaka juu na chini, uonyeshao kazi ya kiwanda siku baada ya siku. Maana yake nitaieleza kwa mambo ya kwetu. Ng'ombe hatoi maziwa kipimo kilekile kila asubuhi. Leo kibuyu kimejaa hata shingoni, kesho kimepungua vidole viwili, kesho kutwa kimeongezeka kidole kimoja. Mfugaji mwenye akili hampigi ng'ombe kwa ajili ya vidole viwili, wala hamsifu kwa ajili ya kidole kimoja. Ajua kwamba ndivyo lilivyo zizi lake, na majani yake, na maji yake. Lakini kibuyu kikipungua nusu kwa ghafula, hapo humtazama ng'ombe huyo, maana jambo geni limeingia. Shewhart alipata njia ya kutenga mambo haya mawili kwa hesabu: kupungua kwa kawaida, kunakotoka katika mpango mzima wa kazi, na kupungua kwa sababu maalumu. Asiyeyatenga hukosa kwa namna mbili. Ama atamwadhibu asiye na hatia, ama ataacha ugonjwa uingie zizini.

Deming alilishika neno hili kwa nguvu zote. Mwaka 1938 alimwalika Shewhart atoe mihadhara Washington, kisha yeye mwenyewe akaihariri ikawa kitabu kilichotoka mwaka 1939. Kabla ya hapo, mwaka 1936, alikuwa amekwenda London kusoma kwa Ronald Fisher na Jerzy Neyman, walimu wakuu wa elimu ya takwimu wakati ule. Naona si kila mtu mwenye shahada ya udaktari na kazi ya serikali angekubali kukaa tena chini ya walimu.

Mwaka 1939 alihamishiwa ofisi ya serikali ya kuhesabu watu. Marekani huhesabu watu wake kila baada ya miaka 10, na hesabu ya mwaka 1940 ilikuwa karibu. Watu walikuwa zaidi ya milioni 131, na serikali ilitaka kujua mambo mengi juu yao, lakini kumwuliza kila mtu maswali yote kungechukua muda na fedha nyingi mno. Deming na wenzake wakapanga jambo ambalo halijafanywa katika hesabu ya nchi ile kabla ya hapo: maswali ya msingi waulizwe watu wote, na maswali ya ziada aulizwe mtu mmoja katika kila 20, achaguliwe kwa kanuni na si kwa kupenda kwa karani. Wako waliocheka. Wangewezaje kujua habari za watu 20 kwa kumwuliza mmoja? Lakini mama apikaye mchuzi hanywi chungu kizima ili ajue chumvi. Huonja kijiko kimoja, na kijiko hicho humtosha, ila sharti aukoroge mchuzi kwanza. Kazi ya Deming ilikuwa hasa ile ya kukoroga, yaani kuhakikisha kwamba wale wachache waliochaguliwa hawakuwa wale tu walio karibu na barabara, au wenye nyumba nzuri, au waliomkaribisha karani kwa chai.

Njia hiyo ilifika kwetu upesi kuliko wengi wanavyodhani. Mwezi wa Agosti 1948 serikali za Kenya, Uganda na Tanganyika zilifanya hesabu ya Waafrika wote kwa wakati mmoja, na baadaye sehemu moja katika kumi hivi ikarudiwa kwa maswali mengi zaidi, juu ya umri na uzazi na watoto waliokufa. Tarime wakati huo ilikuwa makao ya wilaya iliyoitwa North Mara. Wazee wetu wengi hawakupenda kuhesabiwa. Kwa desturi ya zamani mtu hakuwanyoshea watoto wake kidole akiwahesabu mmoja mmoja, wala ng'ombe wake mbele ya mgeni, na karani mwenye karatasi alidhaniwa kuwa mtangulizi wa kodi. Hata sasa, baada ya hesabu ya mwaka 2022 iliyoonyesha kwamba Watanzania ni 61,741,120, utawasikia wazee wakiguna.

Na wale walio jirani na hifadhi ya Serengeti wameiona njia hiyo ikitumika hata kwa nyumbu. Mwaka 1958 Bernhard Grzimek na mwanawe Michael waliruka kwa ndege yao iliyopakwa mistari kama punda milia, wakajaribu kuhesabu wanyama wote wakubwa kwa macho, wakapata 366,980. Waliokuja baada yao walipiga picha vipande vya nchi vilivyochaguliwa kwa kanuni, kisha wakapima jumla kutokana na vipande hivyo. Ndivyo ilivyojulikana kwamba katika miaka ya 1970 nyumbu walikuwa wamefika zaidi ya milioni moja, baada ya sotoka kukoma.

Nirudi kwa Deming mwenyewe. Vita kuu ya pili ilipokuja, serikali ilihitaji silaha na vyombo visivyo na kasoro, naye tangu mwaka 1942 alishiriki kuwafundisha wahandisi njia ya Shewhart. Maelfu kwa maelfu walifundishwa, na faida ikaonekana. Lakini vita vilipokwisha dunia nzima ilikuwa na njaa ya bidhaa, na viwanda vya Marekani peke yake vilikuwa vimesimama bila kubomolewa. Chochote walichotengeneza kilinunuliwa. Ile michoro ikaachwa ukutani, kisha ikaondolewa hata ukutani. Baadaye Deming alijilaumu kwamba alikuwa amewafundisha mafundi, asiwafundishe mabwana wao, kumbe fundi hana amri ya kuubadili mpango wa kazi. Mwaka 1946 akaacha utumishi wa serikali, akawa mshauri wa kujitegemea na mwalimu wa takwimu katika chuo kikuu cha New York.

Mwaka 1947 alipelekwa Japani na majeshi ya Marekani yaliyoitawala nchi ile, asaidie matayarisho ya hesabu ya watu. Miji ilikuwa majivu. Bidhaa za Kijapani zilidharauliwa kila mahali. Mtu aliposema kitu ni cha Japani, alikuwa amekwisha kukitukana. Deming hakukaa na maofisa wenzake tu, bali alifanya urafiki na wanahesabu wa Kijapani. Ndiyo sababu chama cha wanasayansi na wahandisi wa nchi hiyo kilimwalika arudi mwaka 1950. Tangu Juni hata Agosti alifundisha mamia ya wahandisi. Lakini safari hii hakurudia kosa lake la kwanza. Kwa msaada wa Ichiro Ishikawa, aliyekuwa kiongozi wa chama cha wenye viwanda, alikutana na wakuu wa kampuni kubwa wenyewe, akawaambia kwamba ubora hauanzi kwa mkaguzi wa mwisho, wala hauletwi kwa kumkemea mfanyakazi, huanza kwao. Akawaahidi kwamba wakifuata njia hiyo, baada ya miaka 5 nchi nyingine zitazitaka bidhaa zao. Wengi wao hawakusadiki, lakini walijaribu, kwa kuwa hawakuwa na kitu kingine cha kupoteza.

Mihadhara ile ilichapwa ikauzwa. Deming alikataa kupokea fedha yake, akawaachia. Wajapani wakaitumia kuanzisha nishani yenye jina lake, ambayo ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1951, na kampuni za nchi ile zikaigombea kama vijana wagombeavyo kombe. Mwaka 1960 mfalme wa Japani alimpa nishani ya Hazina Takatifu. Na ninyi mnaosafiri kwa gari kutoka Musoma hadi Tarime, au kutoka Bunda hadi Mugumu, tazameni ni nchi gani iliyotengeneza magari mengi mnayoyapanda.

Nyumbani kwake, ajabu, hakujulikana. Kwa miaka 30 hivi mtu aliyetukuzwa Tokyo aliishi Washington kama mtu yeyote, katika nyumba ya kawaida, na ofisi yake ilikuwa chumba cha chini ya nyumba hiyo. Hakuwa mtu wa kujitangaza. Jirani angeweza kumjua kama mzee mwenye tabia za ajabu kidogo: husemwa kwamba aliandika tarehe juu ya mayai kwa kalamu, ili yale ya zamani yaliwe kwanza.

Katika miaka hiyo ya kusahauliwa, na hata kabla yake, aliimba. Hapo ndipo moyo wake ulipopumzika. Aliimba katika kwaya, akapiga filimbi na ngoma, akajifunza kutunga, na nyimbo zake kadhaa za ibada zilichapwa. Hakuwa mtunzi mashuhuri, wala sidhani alitaka kuwa. Alikuwa mwanakwaya, yaani mmoja kati ya wengi, na mwenye kuimba katika kwaya atajua kwamba hilo ni cheo cha namna yake. Alitunga hata sauti mpya kwa ajili ya wimbo wa taifa lake. Sauti ya siku zote ilitoka katika wimbo wa chama kimoja cha Waingereza wa karne ya 18, nayo yapanda juu mno na kushuka chini mno, hata watu wengi hunyamaza katikati. Deming hakusema kwamba Wamarekani hawajui kuimba. Alisema wimbo haukutengenezwa kwa koo za watu wote, akaushonea vazi jingine. Hakuna aliyeupokea, na wimbo wa zamani waimbwa hata leo. Lakini mimi nikisoma habari hiyo namwona mtu yule yule wa kiwandani Chicago: watu wakishindwa wote mahali pamoja, yeye huutazama wimbo kwanza.

Jambo hilo alilifundisha kwa mchezo mmoja wa shanga, ambao aliurudia miaka mingi mbele ya watu maelfu. Alikuwa na sanduku la shanga 4,000, nyeupe 3,200 na nyekundu 800, zimechanganywa. Akawaita watu sita kutoka katika wasikilizaji wawe wafanyakazi wake. Kila mmoja alipewa kibao chenye vishimo 50, akakichovya sandukuni na kukitoa kikiwa na shanga 50. Nyeupe ndizo bidhaa njema. Nyekundu ni kasoro, na mteja hazitaki. Deming mwenyewe alikuwa msimamizi, mkali kweli kweli. Aliyetoa nyekundu 5 alisifiwa mbele ya wote. Aliyetoa 15 alikaripiwa. Kesho yake yule wa 5 akatoa 12, akaambiwa kwamba sifa zimempanda kichwani. Na yule wa 15 akatoa 8, akaambiwa kwamba karipio limemfaa. Maneno ya kutia bidii yakabandikwa ukutani. Mwisho nusu ya wafanyakazi walifukuzwa, wakabaki walio bora, nao waliobaki hawakufanya vizuri kuliko waliotoka. Watazamaji walicheka sana mwanzo, kisha walinyamaza, kwa maana kila mmoja alimkumbuka mtu fulani.

Shanga zilikuwa sandukuni. Hakuna bidii ya mkono ambayo ingeweza kuzitoa, na aliyekuwa na mamlaka ya kununua sanduku jingine ni yule yule aliyekuwa akikaripia. Deming alikadiria kwamba katika taabu 100 za kazi, 94 hutokana na mpango wenyewe, ambao ni juu ya wakuu kuutengeneza. Kwa hiyo alipinga kuwapanga wafanyakazi wa kwanza, wa pili, wa mwisho, na kuwalipa kwa vyeo hivyo. Alipinga pia kuwatawala kwa hofu, maana mwenye hofu huficha hesabu ya kweli, na mkuu asiyepewa hesabu ya kweli ni kipofu mwenye fimbo. Kampuni njema aliifananisha na kundi la wapiga vinanda, ambalo kila mmoja yumo ili kuwasaidia wengine, si ili asikike peke yake.

Wako waliompinga katika hayo, na hata leo wako wasemao kwamba bila tuzo watu watalala. Tena yeye mwenyewe hakuwa mpole daima. Aliwakemea mameneja mbele ya watu kwa maneno makavu, na mtu aweza kuuliza kwa nini aliyekataza hofu aliwatisha wanafunzi wake. Naona wale aliowakemea walikuwa wenye mamlaka ya kubadili mambo. Siku za mashindano ya kwaya, tunapowatangaza wa kwanza hata wa mwisho, namkumbuka sana, wala sijaamua bado kama ningekubaliana naye.

Lakini juu ya shanga siwezi kubishana naye. Nilipokuwa kijana, mwalimu wa kwaya katika mtaa mmoja wa kwetu, alikuwako mama wa sauti ya pili ambaye kila wimbo ulipofika mahali pa juu sauti yake ilipasuka. Nilimvumilia miezi miwili. Kisha, mbele ya wenzake, nikamwambia apumzike. Hakusema neno, alikunja kitenge chake akatoka. Baada ya kuondoka kwake akapasuka mwingine, na baada ya huyo mwingine tena. Mwaka uliofuata tulipata kinanda, na siku ya kwanza nilipojaribu nyimbo zetu nikagundua kwamba mimi, mwenye kutoa sauti, nilikuwa nikizianzisha zote juu kuliko zilivyoandikwa. Nilikwenda nyumbani kwake kumtaka radhi. Alinipa uji, akanisamehe, tukazungumza habari za mahindi. Kwayani hakurudi.

Tarehe 24 Juni 1980 televisheni moja ya Marekani ilionyesha habari za viwanda vya Japani, ikiuliza kwa nini Wajapani waweza na wao hawawezi. Ndani yake alionekana mzee wa karibu miaka 80, Mmarekani, ambaye watazamaji hawakuwa wamesikia jina lake. Tangu asubuhi yake simu ya chumba kile cha chini haikunyamaza. Kampuni ya magari ya Ford ilikuwa miongoni mwa waliomwita. Akaandika kitabu cha kanuni 14 za wakuu wa kazi, akapewa nishani ya taifa mwaka 1987, na kwa miaka zaidi ya 10 alizunguka akifundisha semina za siku nne nne, na sanduku lake la shanga likisafiri pamoja naye. Mke wake alifariki katikati ya miaka hiyo, yeye akaendelea. Masikio yalikuwa mazito, miguu ilikuwa dhaifu. Mwaka 1993 alitoa kitabu cha mwisho, na mwezi wa Desemba wa mwaka huo bado alikuwa akifundisha.

Alifariki nyumbani kwake Washington tarehe 20 Desemba 1993, siku tano kabla ya Krismasi, wakati ambapo kwaya za kila mahali huwa katika mazoezi ya mwisho. Nyaraka zake zimehifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani.